Droni ndogo ya kamera: ya bei nafuu inatosha, au uongeze pesa?

Droni yangu ya kwanza iliruka mara nne. Mara ya tano upepo uliichukua juu ya miti, ikawa kitone, kisha ikapotea kabisa. Boksi lake liliandikwa "4K", yaani video kali sana, kwa maandishi makubwa, lakini video zilizobaki kwenye simu zinatikisika hadi kichwa kinauma. Ndiyo maana mtu akiniuliza achukue ya bei nafuu au ya bei kali, humuuliza kwanza: hiyo ya bei nafuu ni droni ya kamera, au ni kichezeo kilichobandikwa kamera?

Kinachotenganisha viwili hivyo kwanza ni GPS. Droni yenye GPS ukiachia vishikio vya rimoti husimama pale pale hewani, na mawasiliano yakikatika hurudi yenyewe ilikopaa. Isiyo nayo huenda na upepo, kama yangu. Halafu kuna gimbali, ule mkono wenye mota ndogo unaoshikilia kamera ili droni ikiyumba, picha isiyumbe. Iliyo kamili hutuliza kamera pande tatu. Wauza vichezeo hupenda kuandika "kamera inayogeuka", wakimaanisha lenzi inapanda na kushuka tu, usidanganyike. Angalia pia kama mota ni zisizo na brashi, maana zile za brashi huchoka mapema na hazina ubavu wa kupambana na upepo. Na ukisoma kwamba betri moja inarusha dakika saba au nane, huhitaji kusoma zaidi: hicho ni kichezeo.

Kwa mnunuzi wa kawaida, namba moja yangu ni Mini 4K ya kampuni ya DJI, na Potensic Atom iko karibu nayo sana. Zote mbili zina uzito chini ya gramu 250, gimbali ya pande tatu, GPS na video ya 4K ya kweli. DJI wanasema Mini 4K inaruka dakika 31. Hizo hupimwa pasipo upepo. Mimi huhesabu ishirini na kidogo, kwa sababu lazima ubakize chaji ya kurudi, na kurudi ukipingana na upepo hula betri kuliko kwenda. Kikomo chake cha upepo ni mita 10.7 kwa sekunde. Majani ya miti yakivuma kwa fujo, iache begini.

Ubovu wake? Kihisi cha picha, yaani sehemu ya kamera inayopokea mwanga, ni kidogo, inchi 1/2.3, kwa hiyo jua likishazama picha hujaa chenga. Tena haioni mbele. Ukiielekeza kwenye mti, itaugonga bila kusita.

Hapo ndipo pesa ya ziada inapoonekana. DJI Mini 4 Pro, iliyotoka 2023, bado iko chini ya gramu 250, lakini kihisi chake ni cha inchi 1/1.3, eneo zaidi ya mara mbili ya kile cha Mini 4K. Inaona vizuizi pande zote, na kamera yake hujilaza ili upate video ya wima bila kukata picha. Anayelipwa kwa kazi hiyo, au anayependa kupiga alfajiri na machweo, aichukue bila kujuta. Anayerusha mara mbili kwa mwezi mchana wa jua kali hataona tofauti kubwa kwenye skrini ya simu, na ni heri pesa hiyo aigeuze kuwa betri mbili za akiba. Droni ya bei kali yenye betri moja hukuweka chini ukisubiri chaji.

Namba tatu ni DJI Neo. Ina gramu 135, hupaa kutoka kiganjani na kukufuata bila rimoti, na mapangaboi yake yana kinga. Gimbali yake ni ya upande mmoja tu, mengine hurekebishwa na programu, na betri ni ya dakika 18. Ni ya mtu anayetaka kujirekodi mwenyewe akikimbia au akiendesha baiskeli. Kwa mandhari ya mbali haifai.

DJI Air 3 nimeiweka ya nne, ingawa ndiyo yenye uwezo mkubwa zaidi hapa: kamera mbili, dakika 46 hewani. Shida ni gramu zake 720, zinazokuingiza kwenye sheria nzito zaidi mahali pengi. Marekani, anayerusha kwa kujifurahisha husajili droni kuanzia gramu 250. Uingereza kikomo kimeshuka hadi gramu 100 tangu Januari 2026. Kuna nchi zinazodai kibali hata kwa droni ndogo kabisa, kwa hiyo uliza mamlaka ya usafiri wa anga kabla ya kulipa. Na ukinunua Mini 4 Pro, kumbuka kwamba ile betri kubwa ya kuongeza muda huipitisha gramu 250.

Simu yako nayo iangalie, maana ndiyo skrini ya kuonea kinachopigwa na droni. Kwa Android, programu ya DJI Fly haipatikani Google Play, unaipakua kwenye tovuti ya kampuni, na si kila simu inaiendesha vizuri.

Ukienda kwa iliyotumika, ningetafuta Mini 3: ina kihisi cha ukubwa uleule wa Mini 4 Pro na video ya wima, ila haina macho ya kuona vizuizi vya mbele. Muuzaji aiwashe mbele yako, aiondoe kwenye akaunti yake papo hapo, kisha mfungue ukurasa wa betri muone imechajiwa mara ngapi. Akisema akaunti ataiondoa kesho, na malipo nayo yawe kesho.