Kuwasha siga: njiti za kiberiti ama laita ya gesi?

Kama ndio unaanza siga (ile nene ya majani ya tumbaku yaliyoviringishwa, si sigara), ile laita ya petroli wacha nyumbani, inaacha ladha yake mdomoni, basi umebaki na njiti ama laita ya gesi ya moto wa tochi, ule mwembamba unaotoka kwa nguvu. Mimi ni mtu wa njiti. Unawasha, unangoja ile harufu ya kiberiti iishe kwanza, halafu unashika moto chini ya siga bila kuigusa, unazungusha polepole mpaka ncha yote iwe nyekundu, na hapo utamaliza njiti tatu ama nne, na kama uko kwa balkoni Kileleshwa na upepo umeamka, pole, utamaliza boksi. Laita haijali upepo. Shida ni moto mkali, mtu mgeni kwa siga anausogeza karibu sana anaunguza tumbaku, siga inageuka chungu. Pia Nairobi iko juu, karibu mita 1,700, hewa ni nyepesi, na laita zingine za tochi hapa zinakohoa tu bila kuwaka vizuri. Kwa bei njiti imeshinda, hata sibishani. Ikishashika usimeze moshi kama wa sigara, vuta mara moja hivi kwa dakika, na usiwashie barabarani, sheria ya tumbaku ya Kenya ya 2007 haichezi.