Bulabo na barabara ya Mwanza–Musoma: pa kutua na pa kupita

Kwa anayetaka kuzunguka miji midogo ya Ziwa Viktoria kwa gari na kukuta ngoma iliyo hai njiani, barabara ya Mwanza–Musoma ndiyo ya kuanza nayo. Ni lami, kama kilomita 220, na mabasi huila bila hata kupunguza mwendo Kisesa. Hapo ndipo yanapokosea. Utamu wa safari hii umerundikana kwenye kilomita 60 za mwanzo, kabla ya kuimaliza Magu, na unaiva msimu wa Bulabo.

Bulabo ni tamasha la Bujora, pale Kisesa, kama kilomita 18 kutoka Mwanza mjini. Kwa Kisukuma neno hilo ni maua, yale yanayomwagwa njiani kwenye maandamano ya Ekaristi. Padre David Clement, mmisionari kutoka Kanada aliyekijenga kituo cha Bujora kuanzia miaka ya 1950, aliifunga sikukuu hiyo ya kanisa na mashindano ya ngoma ya Wasukuma. Kwa hiyo tarehe huhama pamoja na Pasaka. Hesabu wiki tisa kamili kuanzia Jumapili ya Pasaka, utaangukia Jumapili ya Mwili na Damu ya Kristo: mwaka 2027 Pasaka ni Machi 28, basi sikukuu ni Mei 30. Aliyekariri kwamba Bulabo ni katikati ya Juni huenda mwaka huo akakuta uwanja umeshafagiwa. Hata hivyo, kabla ya kulipia chumba uliza kituoni siku ya kilele na uwanja utakaotumika.

Mashindano yenyewe ni kati ya Bagika na Bagalu, vyama viwili vilivyotokana na upinzani wa waganga wawili wa karne ya 19. Makundi mawili hucheza kwa wakati mmoja, uwanja mmoja, na mshindi ni yule anayevuta watu wengi zaidi. Ndiyo sababu manju, yaani mtunzi na kiongozi wa ngoma, hatoi nyimbo tu. Huja na vituko, mavazi, wanyama, na dawa ya mvuto iitwayo samba. Bugobogobo ni ngoma ya jembe, na majembe hurushwa hewani kweli. Bagoyangi hucheza na nyoka, mara nyingi chatu.

Usikae jukwaa kuu. Ukishabanwa kwenye kiti utaona kundi moja na migongo ya watu. Simama kwenye mwanya kati ya makundi mawili, uhame na umati unapohama. Lakini umati huo huhama kwa kukimbia, tena ghafla, kundi moja likitoa kioja kipya. Mtoto mdogo abebwe, na simu isikae mfuko wa nyuma. Beba noti ndogondogo za kutuza. Ukitaka picha ya karibu, tuza kwanza, halafu omba.

Siku ya kilele ndiyo yenye jina kubwa, ila si ndiyo bora. Mgeni rasmi akiwa mzito, kama Rais Samia mwaka 2025, jiandae kwa ukaguzi na hotuba. Mashindano huchukua siku kadhaa, na alasiri ya siku isiyo na mgeni rasmi ina ngoma nyingi na vumbi lilelile. Asubuhi yake iachie Makumbusho ya Wasukuma, kilimani hapohapo: saa mbili na mwongozaji zinatosha, hasa kwenye banda la ngoma za watemi, lililojengwa kwa umbo la kiti cha enzi. Ukiyaona hayo kwanza, utajua nani anamtania nani uwanjani.

Gari liache mjini, upande daladala ya Kisesa, kisha bodaboda au miguu hadi Bujora. Ukilipeleka, liegeshe likitazama njia ya kutokea.

Ukiendelea Magu na Lamadi, mguu wako wa mafuta uutazame: mwendo wa makazini ni kilomita 50 kwa saa, trafiki wapo, na faini ni shilingi 30,000 kwa kosa. Giza likiingia, ng'ombe na baiskeli zisizo na taa hugeuza barabara hii kuwa kamari. Gengeni, agiza sato, kisha ununue viazi vikavu vya njiani kwa kujua tofauti: michembe hukatwa na kuanikwa vibichi, kwa hiyo lazima ipikwe, matobolwa huchemshwa kwanza ndipo yakaanikwa, unatafuna ukiendesha. Livunje moja kabla ya kulipa. Likipinda badala ya kukatika, halijakauka, na litaota ukungu ndani ya buti.

Lamadi ni pazuri kwa kulala, kwa kuwa geti la Ndabaka la Serengeti liko karibu. Ila ziwa litazame kwa macho tu. Konokono wa kichocho hupenda maji yaliyotulia kwenye majani, na kusimama humo magoti wazi kunatosha kuambukizwa. Aliyekwisha kuingia akapime baada ya wiki sita hadi nane. Akipima mapema mno huenda mayai ya minyoo yasionekane, akadhani yuko salama.

Musoma? Mji mtulivu, upepo mzuri, usiku mmoja unatosha, na Makumbusho ya Mwalimu Nyerere kule Butiama yanastahili kuchepuka. Mwenye siku mbili za ziada akunje kushoto Bunda hadi Kisorya, avuke kwa kivuko hadi Rugezi, alale Nansio, Ukerewe. Aulizie saa ya kivuko cha mwisho akiwa bado Bunda, maana ukikikosa utalala Kisorya.