Kadi za foniksi za sh. 45,000: miezi minne na binti yangu

"Chipsi kaka!" Ndivyo binti yangu wa miaka mitano alivyosoma kwa sauti bango la kibanda cha chipsi pale Tabata Relini, wateja wote wakisikia. Limeandikwa CHIPSI KUKU. Neno la kwanza nadhani alilijua kwa harufu. Kaka yake wa darasa la nne alicheka mpaka akakaa chini. Mimi nilicheka nusu, maana nilijua kosa limetoka wapi: limetoka kwenye boksi nililolinunua mwenyewe.

Boksi lenyewe ni la foniksi, yaani kumfundisha mtoto kusoma Kiingereza kwa sauti za herufi badala ya majina yake. Lina kadi 44, kitabu cha mazoezi na flashi yenye sauti. Nililiagiza kwa muuzaji wa mtandaoni kwa sh. 45,000, na bodaboda kutoka Kariakoo akataka 4,000 juu. Januari binti anaanza inglishi midiamu, na kwenye usaili watoto husomeshwa maneno mepesi ya Kiingereza. Ndiyo maana nikanunua.

Nianze na nilichokipenda. Kadi ni ngumu kwelikweli. Zimekanyagwa, zimemwagiwa uji, bado zipo. Na mpangilio wake una akili: hazianzi na a, b, c, zinaanza na s, a, t, p, i, n. Kwa sauti hizo sita tu mtoto tayari anaunda "sat", "pin", "tap", "tin", kwa hiyo wiki ya kwanza tu anaonja kusoma. Kitabu hakisemi, lakini herufi hizohizo kwa Kiswahili zinatoa sita, tisa, pita, pasi, sina na tai. Tuligundua tukicheza sakafuni. Binti alipoona sita inageuka tisa kwa kubadilishana herufi mbili, alirudia mchezo huo mpaka usiku.

Flashi sasa. Aliyerekodi anazitia mkia konsonanti zote. Badala ya kutoa b tupu anasema "ba", badala ya t anasema "ta". Ukiunganisha hivyo "cat" inakuwa ka-a-ta, na mwanangu akajibu kwa kujiamini: "Kata!" Sasa hapo umwambie nini, maana kata ipo, inachotea maji mtungini kwa bibi yake. Niliitoa flashi wiki ya pili, nikawa natamka mwenyewe: sss, mmm, fff, na t fupi isiyo na irabu nyuma yake. Mambo yakalainika.

Ila kilichotusumbua hasa ni irabu. Kiingereza kina sauti zipatazo 44 na herufi 26 tu, hivyo herufi moja inabeba kazi nyingi. Kadi ya u ina picha ya mwavuli, "umbrella", na u hiyo, kama ile ya "cup" na "sun", sikioni mwetu ni a. Kiswahili u ni u, Jumatatu mpaka Jumapili. Mtoto aliyefundishwa kwamba u inasema "a" akikutana na kuku, atasoma kaka. Hajakosea, ametii kadi.

Kadi ya "ng" nayo ina picha ya pete, "ring". Sauti yake ni ile ya ng'ombe, bila g ya kusikika. Basi ngoma ikawa ng'oma nyumbani kwetu kwa wiki nzima. (Kwenye "th" Kiswahili tumewashinda Waingereza: wao wameweka sauti mbili kwenye maandishi mamoja, sisi tuna th ya thelathini na dh ya dhahabu. Kwamba nusu ya Dar tunatamka selasini na zahabu ni habari nyingine.)

Kadi ya i ina nyumba ya barafu, "igloo". Binti alisema ni friji. Nikaacha.

Nilimwandikia muuzaji WhatsApp kuhusu irabu. Alijibu kwa upole: "Dada yangu, mpe muda, atazoea." Kisha akanitumia bei ya hatua ya pili, 60,000.

Nilichofanya ni kununua karatasi ngumu na kalamu nyekundu. Nikaandika silabi za Kiswahili, ma me mi mo mu na wenzake, kama alivyofundishwa kaka yake kwenye KKK (kusoma, kuandika na kuhesabu) shule ya serikali. Nyekundu ni Kiswahili, kila siku baada ya chakula cha jioni. Kadi za boksi ni Kiingereza, Jumamosi na Jumapili asubuhi tu, na kadi ya u niliifungia kabatini mwezi mzima. Kaka yake ndiye mwalimu wa nyekundu, kwa malipo ya barafu za ubuyu, na ni mkali kuliko mimi.

Kwa hiyo ningenunua tena? Kama mtoto wako tayari anasoma Kiswahili na unataka aingie Kiingereza, ndiyo, ila flashi usiiguse. Kama hajui kusoma kabisa, mpe Kiswahili kwanza, na kwa hilo karatasi ya 500 inatosha. Kama wewe mwenyewe huna muda wa kukaa naye dakika 15, boksi hili litakaa juu ya kabati tu, kwa sababu kadi hazijisomeshi.

Wiki iliyopita, kituoni, alisoma daladala zikipita: Gongo la Mboto, Kivukoni, Simu 2000, akakwama kidogo kwenye Mawasiliano kisha akaimaliza. Kwenye kibanda cha chipsi sasa anasema kuku. Tatizo ni kwamba "cup" nayo amegeuza, anaisoma "kupu", na usaili ni mwezi ujao. Kadi ya u imetoka kabatini leo asubuhi.