Kupima kama mzee anapoteza kumbukumbu: kipimo cha karatasi au kompyuta imsikilize anavyoongea?

Kipimo cha karatasi kama MoCA, kilichotoka 2005, kina alama 30 na kinachukua kama dakika 10 hivi, mzee anachora saa, anataja wanyama kwenye picha, anakumbuka maneno matano, basi. Shida ni shule, bibi ambaye hajawahi kushika kalamu atachoraje saa jamani, anapoteza alama wakati akili yake iko sawa kabisa, ndo maana kule Hai, Kilimanjaro, watafiti wakatengeneza kipimo cha IDEA kinachowafaa hata wazee wasiosoma.

Njia ya sauti sasa, mzee anaelezea tu picha, ile maarufu ya jikoni mtoto anaiba biskuti, programu ya kompyuta inapima anavyonyamaza katikati, anavyohangaika kutafuta neno, anavyosema "kile kitu" badala ya jina lake. Mi hii naipenda, haimtishi mtu kama mtihani. Ila rekodi nyingi zilizofundishia mashine ni za Kiingereza, na mzee wetu anachanganya Kiswahili na Kichaga sentensi moja, itamwelewa kweli? Kwa leo mama yangu ningempeleka kwenye IDEA kwanza, halafu daktari amwone.