Sailensa tulivu kwa pikipiki ya porini: tathmini baada ya miezi minne

Niliinunua sailensa hii, yaani kipunguza kelele kinachofungwa kwenye ekzosi, baada ya njia mbili za msituni nilizozipenda kufungwa kwa malalamiko ya kelele, si ya vumbi wala ya ajali. Mkazi anayeishi mbali na njia hatuoni sisi waendeshaji. Anatusikia tu, na kwa mlio huo ndipo anapoamua kama tunafaa kuendelea kuwapo.

Kipimo cha SAE J1287, kiwango cha kupimia kelele za pikipiki ikiwa imesimama, huweka maikrofoni inchi 20 kutoka mdomo wa ekzosi, kwa pembe ya digrii 45, na California, kwa mfano, hairuhusu pikipiki za porini zisizo za mashindano zilizotengenezwa tangu 1986 kuzidi desibeli 96. Nilipopima kwa namna hiyo, sailensa ya zamani ilitoa 99 na hii mpya 94. Tofauti hiyo si ndogo hata kidogo, kwa kuwa kila desibeli 3 zinazopungua hupunguza nguvu ya sauti kwa takriban nusu.

Nguvu ya injini imepungua kidogo kwenye mizunguko ya juu kabisa, lakini mwinuko wa mawe naupanda kwa utulivu zaidi kuliko awali. Kasoro ninayoilalamikia kwa dhati ni kifuniko cha nyuma kilichofungwa kwa ribiti badala ya skrubu: pamba ya nyuzi za kioo iliyomo ndani, inayofyonza sauti, huungua na kuwa nyeusi, kelele hurudi taratibu, na kuibadilisha kunamlazimu mtu azitoboe ribiti zote kwa drili.