Hosteli ya mbwa Moshono, safari hii niliuliza kibali kwanza

Wadau wa Arusha wenye mbwa, mmeniuliza sana nilimwacha wapi Popi Krismasi iliyopita, naandika hapa mara moja. Ni hosteli ya wanyama iko Moshono, unaweza kumwacha mbwa asubuhi ukienda kazini ukamchukua jioni au ukamlaza kabisa ukisafiri. Popi alilala usiku 9. Nawapa nyota nne na nusu.

Lakini naanzia nyuma kidogo maana bila hiyo hamtaelewa kwanini nimeandika kirefu hivi. Mwaka juzi nilimwacha sehemu nyingine hapa hapa mjini, jina silitaji, nyumba ya kawaida katikati ya nyumba za watu, wamezungushia seng'enge uani basi. Bei nzuri, mwenyewe ana maneno matamu, nikaenda zangu Machame na amani. Tarehe 27 asubuhi tuko kwenye kuchinja mbuzi simu inaita, dada njoo umchukue mbwa wako leo hii hii tumeambiwa tufunge. Kumbe majirani walishapeleka malalamiko mtaani muda mrefu, mbwa wanabweka usiku kucha, maji ya kuoshea ua yanatiririka mpaka barabarani, na kiwanja chenyewe kwenye mchoro wa mipango miji ni cha makazi, kibali cha kukigeuza hakuna, hakikuwahi hata kuombwa. Nimefika saa kumi jioni nikamkuta Popi kafungwa kamba getini, bakuli kavu, shingo imechubuka. Kondakta wa Coaster akakataa mbwa asipande, nikakodi Noah nzima kurudi Machame usiku. Nililia njiani jamani.

Kitu ambacho sijakisahau ni mama mmoja mtu mzima wa nyumba ya pili, alinikuta pale getini nahangaika na kamba akaniambia, mwanangu, huyu mnyama hana kosa, ila mi nina miezi sita silali. Nilikuwa namtazama kwa hasira, nikaishiwa nguvu. Alikuwa na haki yake kabisa.

Kwahiyo safari hii kabla ya bei, kabla ya picha, swali langu la kwanza kwenye simu lilikuwa kiwanja chenu kina kibali cha hiyo kazi? Mmoja akanijibu dada unaleta mbwa au unakuja kukagua, nikakata. Wa Moshono akasema njoo uone, faili liko mezani. Na kweli lilikuwepo. Mama mwenye hosteli akanifungulia karatasi moja moja bila kinyongo. Wengi tunadhani ukishakuwa na leseni ya biashara umemaliza, hapana, kwa Sheria ya Mipango Miji ya 2007 kila kiwanja kilichopimwa kina matumizi yake, ukitaka kuyabadili unaomba kwa halmashauri na majirani wanapewa nafasi ya kusema linalowakera kabla haijaamuliwa. Anasema kikao cha ofisi ya mtaa ndo kilikuwa kigumu kuliko jiji lenyewe, mzee mmoja aliuliza maji machafu yataenda wapi, mwingine akauliza watoto wetu wakipita shule mbwa akiruka ukuta ana kichaa je. Akaandika maswali yote akarudi nayo kwa fundi. Barua aliyonionyesha ina masharti, mbwa wasizidi 20, usiku wote walale ndani, shimo la maji taka lijengwe kabla ya mbwa wa kwanza kuingia.

Sasa utamu wenyewe ni kuona yale masharti yamegeuka kuwa majengo. Ukuta ni wa tofali, mrefu kunipita, na geti limezibwa bati lote, maana mbwa akiona mtu anapita lazima abweke, akibweka mmoja wanaitikia wote, ukimziba asione nje umepunguza kelele sana. Mabanda hayatazamani. Sakafu ni saruji laini yenye mteremko mdogo, kijana alimwaga ndoo ya maji mbele yangu nikaona yanakimbia yenyewe kwenye mfereji hadi shimoni, hakikubaki kidimbwi. Hii msiidharau, kirusi cha parvo, ule ugonjwa wa mbwa wa kutapika na kuhara, kinakaa kwenye udongo miezi na miezi na udongo huwezi kuupiga klorini ukapona, saruji unaweza. Wenye watoto wa mbwa mnajua parvo inavyoua kwa siku chache tu.

Alafu wakanikatalia mbwa! Kadi ya Popi ya chanjo ya kichaa ilikuwa imepitiliza wiki mbili, mama akaiangalia akasema samahani dada haingii hapa mpaka achanjwe. Nilikuwa na mabegi kwenye gari. Nikaenda kwa daktari wa mifugo nikamchanja, nikarudi baada ya siku zile alizonipangia, safari ikasogea na shemeji yangu akanuna. Ila kwakweli hapo ndo waliponipata moyo, kwasababu kama alinikatalia mimi basi na yule atakayelala banda la jirani na Popi nae kaulizwa kadi.

Kijana anayepokea mbwa hakumvamia. Alichuchumaa ubavu, hakumtazama machoni, akaacha mkono chini mpaka Popi akaja mwenyewe kuunusa. Wana daftari, ukurasa mmoja kila mbwa, wa kwangu waliandika anakula ugali na mapafu yakatwe madogo, uji hapana, anaogopa radi. Siku ya tano ikanyesha kubwa, saa nne usiku nikatumiwa sauti, dada tumemtoa bandani yuko na mimi chumba cha mlinzi amelala kwenye gunia. Nyuma ya sauti yake nikasikia Popi anakoroma.

Siku ya kurudi nilifika mapema, sikupiga hodi, nikasimama dukani ng'ambo nikanunua maji nikamuuliza muuzaji vipi kelele za hawa mbwa. Akasema asubuhi wakipewa chakula tunawasikia, wakishakula basi.

Nusu nyota niliyokata ni ya paka. Chumba chao kimepakana na mabanda ya mbwa ukuta kwa ukuta, paka wa rafiki yangu hakula siku mbili, wamesema watakihamishia upande wa bustani, mpaka nione. Simu mchana haipokelewi, tumeni ujumbe. Bei ni elfu 25 kwa usiku chakula chako, kule kwa mwaka juzi nililipa elfu 10, ila jumlisha Noah. Na kipande cha mwisho cha barabara mvua ikinyesha gari ndogo inateseka.

Desemba wekeni nafasi mapema sana, 20 wakitimia hawaongezi, nilishuhudia baba mmoja anawapa hela mara mbili ya bei wakamrudishia wakamwelekeza kwa mtu mwingine. Mi nshaweka ya Pasaka, na kadi ya Popi safari hii haina shida mpaka Desemba.