Gari la shule, Moshono hadi Njiro, Arusha: nyota tatu

Tunalitumia tangu Januari, binti yangu yuko darasa la pili. Ni Hiace ya njano, Sh 70,000 kwa mwezi, kutoka Moshono hadi shule moja barabara ya Njiro. Mwenye gari simtaji, tumeshayamaliza.

Halijawahi kutuacha hata siku moja. Julai hii, na ukungu ule ambao hata geti la jirani hulioni, honi inalia mara moja tu, kwa wakati. Dada wa gari anamfunga mtoto zipu ya sweta kabla hajakaa, na anajua yupi hutapika, huyo anamweka dirishani.

Shida ilikuwa hatua ishirini za mwisho. Nisingeijua kama mtoto asingerudi akisema, "Mama, leo tumekimbia barabarani, kiatu kikavuka." Kesho yake nikachukua bodaboda nikawafuata. Kijenge safi, kipilefti cha Impala safi, dereva hatanui wala hashindani na vifodi, zile daladala ndogo. Kufika shuleni akasimama kushoto. Shule iko kulia! Mlango wa Hiace unafungukia kushoto, kwa hiyo watoto wanashuka vizuri kabisa, ila ng'ambo, halafu wanazunguka mbele ya gari ili wavuke. Mtoto wa darasa la pili kimo chake hakifiki kioo cha mbele. Anayelipita lile gari anaona gari tu, mtoto anamwona akishatokeza. Na wa kulipita hawakosekani: bodaboda zenye mshikaki wa watoto watatu, watu wanapiga rivasi kutoka getini, wengine wamepaki juu ya kivuko chenyewe, hazadi zinawaka, "nashusha tu mara moja." Mwaka jana na IST yangu nilikuwa mmoja wao, sijifichi. Ukishawasha hazadi unajiona umeshaomba ruhusa.

Nikamfuata dereva. "Kaka, mbona unawashusha ng'ambo?"

Hakukasirika. "Dada, nikienda kugeuza kule mbele nirudi na hii foleni, robo saa imekwenda. Na nina tripu ya pili Kijenge, wananisubiri."

Kumbe ndiyo maana bei ni nafuu. Kwenye grupu la wazazi tukabishana siku tatu. Mmoja alisema mwanawe haamki mapema zaidi ya hapo, siku hizi anampeleka mwenyewe (anapaki wapi, msiniulize). Wengine tukakubali honi ilie saa kumi na mbili na dakika tano badala ya na ishirini. Dereva sasa anageuza, anasimama upande wa shule, dada anashuka kwanza na kusimama nyuma ya gari mpaka wa mwisho aingie getini. Nimewafuata tena mara mbili bila kuaga. Anageuza kweli.

Nyota mbili nimezizuia kwa sababu siti ya watatu bado wanakaa wanne, na mkanda upo siti ya mbele tu. Nimemwambia, kasema "mwisho wa mwezi", na miezi miwili imeshaisha.

Habari ya mchana sina. Saa tisa huwa niko dukani, na yule wa bodaboda bado ananidai buku ya safari ya mwisho.